Laptop ya Mpiga Picha wa Kaole

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Bagamoyo

Jina: Ashatu Pazi Mwinyijuma
Umri: Miaka 36
Kabila: Mzaramo
Dini: Muislamu
Kazi: Fundi wa kompyuta na simu
Makazi: Nianjema, Bagamoyo
Tarehe na saa ya kuandikwa: 24 Septemba 2025, saa 3:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na Koplo Abdulwahab kwamba nikisema jambo ninalolijua kuwa ni la uongo naweza kushtakiwa. Nimemwelewa. Ninasema kwa hiari yangu na kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo.

Nina duka la ufundi Magomeni, Bagamoyo, chumba kimoja chenye baraza na mlango wa nondo. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa. Sijawahi kufikishwa kituoni kwa jambo lolote kabla ya hili.

Mnamo tarehe 23 Septemba 2025, siku ya Jumanne, majira ya saa 3:20 asubuhi, nilikuwa nafagia baraza ndipo akaja mwanamume mmoja wa makamo akiwa amebeba mfuko wa salfeti kwapani. Alitoa salamu ya Kiislamu, nikaitikia, kisha nikamwamkia shikamoo kwa kuwa ni mkubwa kwangu sana. Aliitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani na za watoto, ingawa hatujuani. Mtu huyo nimemfahamu baadaye kwa jina la Yunus Yahya, miaka 54, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa. Ndiye mtuhumiwa katika jalada hili.

Ndani ya mfuko mlikuwa na laptop nyeusi na chaja yake, vimefungwa kwa kipande cha kanga. Aliviweka mezani kwangu kwa mikono miwili. Alisema, "Mwanangu, hii nataka uifute yote. Iwe tupu kama ilivyotoka kiwandani. Binti yangu Sada amepata chuo, fomu imeandika aende na laptop."

Nilimpongeza, nikaiwasha. Kioo kiliwaka vizuri, ikatokea picha ya mwanamke wa kama miaka thelathini, amevaa ushungi wa njano, kamera imening'inia shingoni, anacheka. Chini ya picha paliandikwa Habiba. Mashine ilikuwa inadai neno la siri.

Nilimuuliza, "Ndiye Sada huyu, baba?"

Alijibu, "Hapana. Huyo ni mwenyewe wa mwanzo."

"Aliyekuuzia?"

Aliikunja ile kanga, akasema, "Ndiyo."

Nimeulizwa na afande kama nilidai risiti au hati ya mauziano. Sikudai. Najua kwamba ilinipasa. Alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa kanzu safi, anazungumzia binti yake anayekwenda chuo, nami sikutaka kumvunjia heshima. Hilo ni kosa langu na naomba liandikwe hivyo hivyo.

Neno la siri hakuwa nalo. Kufuta mashine ya namna hiyo hakuhitaji neno la siri, kuna njia ya kuingilia kwenye sehemu ya matengenezo kabla mashine haijafunguka, ukachagua iondoe kila kitu. Nilifanya hivyo majira ya saa 3:45. Nilimwambia itachukua kama dakika arobaini, anaweza kwenda sokoni akarudi. Alisema atasubiri, akaketi kwenye benchi ndani ya duka, mahali anapoona kioo.

Mashine ilihesabu vizuri mpaka asilimia thelathini na nane. Hapo kioo kiligeuka bluu chenye maandishi meupe, ikajizima, ikajiwasha. Ilizunguka kwa muda, ikaandika kwamba imeshindwa na hakuna kilichobadilishwa, kisha ikarudi pale pale pa mwanzo. Picha ya yule mwanamke ikatokea tena.

Mzee Yunus alisema, "Karudi." Alisema kwa sauti ndogo, nikadhani anaongea peke yake.

Nilimweleza kwamba mashine ikikwama katikati ya kazi hii, yenyewe huvirudisha vitu vyote mahali pake. Nilisema labda ni joto. Majira ya saa 4:30 niliigeuza nikafungua mfuniko wa chini. Feni ilikuwa imejaa vumbi jekundu, si vumbi letu la hapa mjini. Karibu na skrubu niliona pana mabaki ya gundi na mikwaruzo ya kisu, kama stika iliyokwanguliwa. Nililiona jambo hilo. Niliendelea na kazi.

Nimeulizwa kwa nini niliendelea. Ukweli wenyewe ni kwamba mashine ilikuwa imeshaniudhi. Fundi akishaona kitu kimemshinda mara moja hawezi tena kukiacha, anasahau hata kuuliza kitu ni cha nani. Sisemi hivi ili nijitetee.

Nilisafisha feni, nikapaka pasta mpya ya kupoza, nikafunga. Nilianza upya saa 5:10. Safari hii ilifika asilimia sitini na moja, ikaanguka vile vile, ikarudisha kila kitu, picha ikatokea. Mzee Yunus alinyanyuka akatoka nje. Nilimwona amesimama barazani, ameupa mgongo mlango. Ilipoadhiniwa adhuhuri alikwenda msikitini, akarudi na chupa ya maji. Hakuwa amekula kitu. Nilimpa nusu ya chapati yangu, akaishika mkononi muda mrefu kabla ya kuila.

Mara ya tatu nilianza saa 7:15 mchana. Haikufika popote. Asilimia kumi na mbili tu ikazima.

Picha ilipotokea, Mzee Yunus alisema, "Mwanangu, huyu hataki kutoka."

Nilicheka, nikamwambia, "Baba, mashine haina roho. Hii ni RAM."

Nilimfafanulia. Kama ubovu ungekuwa kwenye sehemu inayohifadhi mafaili, kwa kawaida ingekwama mahali pamoja kila mara. Hii ilikuwa inakwama popote, asilimia thelathini na nane, kisha sitini na moja, kisha kumi na mbili. Ugonjwa wa namna hiyo, ukiacha joto, mara nyingi ni wa RAM, kile kipande kidogo ambacho mashine inakitumia kushikilia kazi iliyo nayo mkononi. Nilimwambia kwamba hata nikiipigia Windows mpya kwa flash itaangukia njiani vile vile, hivyo lazima nitibu ugonjwa kwanza. Nikamuuliza, "Imewahi kuanguka hii? Imepigwa na kitu?"

Niliinua macho nikamwona anatazama sakafu, mikono ameiweka juu ya magoti.

Niliiwekea kipimo cha RAM kuanzia saa 7:40. Kilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Katika muda huo walikuja wateja wawili wa simu, nikawahudumia, wakaondoka. Majira ya saa 9:20 alasiri kipimo kilitoa majibu kwamba RAM ina hitilafu. Mashine ilikuwa na vipande viwili. Nilitoa kimoja nikapima kwa kipimo kifupi, nikabadilisha, nikapima kingine. Kibovu kilikuwa kile cha upande wa kushoto. Nilikiondoa. Ukikitazama kwenye mwanga unaona kona yake imepata ufa mwembamba kama unywele. Kipande hicho nimekikabidhi kwa afande leo asubuhi.

Mashine ikabaki na RAM moja. Niliiacha ikawaka nusu saa nzima, nikaihangaisha kwa makusudi, haikutikisika. Majira ya saa 10:15 jioni niliirudisha kwenye sehemu ya matengenezo, nikachagua kuondoa kila kitu, nikafika kwenye ukurasa wa mwisho ambapo inabaki kubonyeza mara moja tu.

Mzee Yunus alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, "Sasa itakubali?"

Nikamjibu, "Itakubali. Sasa haina ugonjwa."

"Na picha itaondoka?"

"Picha, majina, mafaili, vyote. Haitarudi tena."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Alisema, "Basi usibonyeze."

Niligeuka. Alikuwa anatokwa na jasho usoni, nikadhani anaumwa. Nilimpa kiti changu. Aliketi, akasema, "Sikuinunua. Mwenyewe amekufa, na mimi ndiye niliyemtoa kwenye gari."

Aliyonieleza nitayasema kama nilivyoyakumbuka. Sikuwapo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndivyo yalivyokuwa.

Alisema kwamba siku ya Jumapili tarehe 31 Agosti alikuwa Ubena kumjulia hali dada yake mgonjwa. Kabla ya saa sita mchana, akiwa karibu na barabara kuu, gari aina ya Noah iliyotoka upande wa Morogoro ilipasuka tairi, ikapinduka. Watu walikimbilia pale. Alisema wengine walikimbilia watu na wengine wakakimbilia mizigo. Yeye alimkuta mwanamke amebanwa kiti cha nyuma, mkanda umemkaba, damu imemjaa usoni. Aliukata mkanda kwa kisu cha kumenyea mananasi aliyokuwa amempelekea dada yake. Alimtoa kupitia dirishani. Alikaa naye chini, akamwekea kilemba chake kwenye jeraha, akawa anamsemesha asilale. Begi la mwanamke lilikuwa limemviringika mkononi, akalivua akalivaa yeye begani ili apate kumbeba. Ilipotokea pikapu ya mtu alimpakia, na kwa kuwa ilikuwa imejaa majeruhi, yeye hakupata nafasi. Pikapu ikaondoka kwa kasi. Begi likabaki begani kwake.

Kesho yake watu wa pale Ubena walisema wamekufa wawili, dereva na mwanamke aliyepakiwa kwenye pikapu.

Ndani ya begi alikuta laptop, chaja na kadi za biashara. Nilimuuliza kwa nini hakupiga namba zilizopo kwenye kadi. Naomba jibu lake liandikwe kama alivyolitamka. Alisema, "Siku ya kwanza niliogopa kuwa mimi ndiye wa kuwapa watu habari ya msiba. Siku ya tatu niliona nimechelewa, wataniuliza nilikuwa wapi. Ilipopita wiki, ikawa kama yangu. Mwanangu akaiona, akafurahi. Nikamwambia nimemnunulia."

Baada ya hapo aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kadi moja. Ilikuwa imekunjika na kulegea kama noti ya zamani. Imeandikwa Habiba Picha na Video, Kaole, harusi na shughuli zote, na namba mbili za simu. Aliniambia, "Nipigie wewe. Mimi siwezi kusema na watu wa marehemu."

Majira ya saa 10:50 jioni nilipiga namba ya kwanza kwa simu yangu, nikaweka spika ili na yeye asikie. Iliita mara nne. Sauti ya kike ikapokea, "Habiba Picha na Video, karibu."

Nilisema, "Samahani dada, nazungumza na nani?"

"Na Habiba mwenyewe. Una shughuli lini?"

Nilimtazama Mzee Yunus. Alinyanyuka akatoka nje kwa haraka, na nakiri kwamba nilidhani anakimbia. Niliinama kuchungulia mlangoni nikamwona amesujudu kwenye saruji ya baraza, viatu vikiwa miguuni, wala hakuelekea kibla. Alikaa hivyo muda mrefu. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kumtazama.

Yule dada alikuwa bado anaita, "Haloo? Haloo?" Nilijitambulisha, nikamwambia mzee mmoja ameniletea laptop nyeusi na kioo kina picha yake. Kisha nikasikia anapiga kelele, "Kaka! Kaka Mahmoud! Njoo!" Simu ikashikwa na mwanamume. Huyo hakutaka kusikia lolote. Aliuliza duka liko wapi, nikamwelekeza. Alisema, "Mwizi wa majeruhi wewe na huyo mwenzako, msiondoke hapo."

Nilipiga simu hapa kituoni saa 10:58, na namba iko kwenye simu yangu kama ushahidi. Nilimwambia Mzee Yunus, "Baba, hao wanakuja na hasira. Ingia ndani nifunge, au uende zako, polisi watakukuta Kiwangwa."

Alisema, "Nikienda sasa ndipo nitakuwa mwizi." Lakini aliingia ndani, nikafunga mlango wa nondo, nikabaki nje na ufunguo.

Mahmoud alifika saa 11:10 kwa pikipiki, na nyuma yake pikipiki nyingine yenye vijana wawili. Walikuwa wamejikusanyia watu njiani, maana neno mwizi hapa kwetu halihitaji kurudiwa. Baada ya dakika chache walikuwa kama ishirini. Mmoja alikuwa na tofali. Walinitaka nifungue. Niliwaambia polisi wanakuja na ufunguo hautoki kwangu. Kijana mmoja alinisukuma nikagonga bega kwenye nondo. Mahmoud mwenyewe ndiye aliyemvuta yule kijana, akamwambia, "Mwanamke usimguse." Lakini aliupitisha mkono kati ya nondo akamkamata Mzee Yunus shingo ya kanzu, akampiga ngumi moja ya shavu. Mzee Yunus hakurudi nyuma wala hakuinua mkono. Alisema tu, "Piga, mwanangu. Yuko hai lakini? Nimesikia vizuri, yuko hai?"

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Mahmoud amwachie, kwa sababu alibaki ameishikilia ile nondo, anapumua, hapigi tena.

Afande Koplo Abdulwahab na mwenzake walifika saa 11:20. Watu walitawanywa. Nilifungua mlango. Mzee Yunus alitoa mikono mwenyewe kabla hajaambiwa.

Tulikuwa bado dukani, afande akiandika namba ya laptop, ilipofika bajaji. Ndani yake walikuwamo Habiba na mama yake. Habiba ndiye yule wa kwenye picha, ila amekonda, na kovu jipya linatoka kwenye nyusi mpaka kwenye nywele. Mguu wa kulia umefungwa hogo la plasta na anatembelea gongo. Nimeelewa baadaye kwamba watu wa Ubena walimchanganya na abiria mwingine wa kike aliyekufa. Afande alimtaka akae kwenye bajaji, akakataa.

Alimtazama Mzee Yunus, akamuuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unaniuliza majina ya watoto wa ndugu zangu?"

Mzee Yunus alisema, "Ulikuwa unalala. Nilitaka usilale."

"Niliyataja yote?"

"Uliyataja saba. La nane hukulimaliza."

Habiba aliinama. Mimi nilidhani mambo yameisha hapo, na watasameheana. Haikuwa hivyo. Alipoinua uso alikuwa na hasira kuliko kaka yake. Alisema, "Na kadi zangu ulikuwa nazo. Namba ya kaka iko pale. Mimi nililazwa siku mbili hospitalini sina jina, simu yangu imepondeka kwenye gari. Mama yangu amezunguka Chalinze, Morogoro na Kibaha anafunuliwa mashuka ya maiti. Siku mbili. Ungepiga simu moja tu."

Mzee Yunus alisema, "Kweli."

"Mbona hukupiga?"

Kwangu alikuwa ametoa jibu refu. Kwa Habiba hakutoa lolote. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, labda kwa sababu mikono ilikuwa na pingu. Mama yake Habiba alikuwa amesimama kando ya bajaji, amejitanda kanga mpaka kwenye kidevu. Hakuacha kumtazama yule mzee.

Baadaye Habiba aliniuliza mimi kama vitu vyake vimefutika. Nilimwambia mashine ilianguka mara tatu kwa ubovu wa RAM, na kila mara ilirudisha vilivyokuwamo, ila afungue mwenyewe ahakikishe. Kwa ruhusa ya afande niliiwasha. Aliingiza neno lake la siri, akafungua mafaili. Alisema mlikuwa na harusi nne ambazo hazipo mahali pengine popote, kwa sababu kadi za kamera huzifuta akishahamishia kwenye laptop. Wenye harusi walikuwa wanakuja nyumbani Kaole karibu kila siku, na Mahmoud ndiye aliyekuwa akitoka kuwaomba radhi. Moja ni ya Mlingotini, na baba wa bibi harusi amefariki siku kumi baada ya shughuli. Aliifungua hiyo kwanza. Tuliona mzee aliyevaa kofia ya viua anamwozesha binti yake, anasahau maneno, watu wanacheka, na yeye mwenyewe anacheka. Mahmoud alitoka nje. Afande alituambia inatosha, mashine izimwe.

Laptop, chaja, kadi moja ya biashara na mfuko wa salfeti vilichukuliwa na polisi mbele yangu saa 12:05 jioni. Nilitia saini kwenye fomu ya kukabidhi.

Nimeulizwa maswali yafuatayo na nimeyajibu.

Nimeulizwa kama nilikuwa namfahamu mtuhumiwa kabla ya siku hiyo. Sikuwa namfahamu, si ndugu yangu, na hajaniahidi kitu.

Nimeulizwa kama mtuhumiwa alikuja kwangu kwa nia ya kufuta mali ya mtu ili asijulikane. Alikuja kwa nia hiyo, siwezi kuificha. Stika aliikwangua yeye mwenyewe, amenithibitishia. Alinidanganya kwamba ameuziwa.

Nimeulizwa kama kilichookoa mafaili ya mlalamikaji ni ubovu wa mashine. Hapa naomba afande aandike jibu langu lote, hata kama ni refu. Ubovu uliyaokoa asubuhi na mchana. Kufikia saa kumi na robo jioni ubovu haukuwapo tena. Nilikuwa nimeuondoa kwa mikono yangu na nilikuwa najisifu moyoni. Mashine ilikuwa tayari, mimi nilikuwa tayari, hakuna polisi aliyekuwa anajua wala mtu aliyekuwa anakuja, na kwa alivyojua Mzee Yunus, mwenye mali alikuwa kaburini. Aliyesema usibonyeze ni yeye. Mimi ningebonyeza.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo. Binti yake Sada nimeambiwa kwamba alipigiwa simu jana jioni kuelezwa baba yake yuko mahabusu, na siku zote alijua kwamba laptop baba yake ameinunua. Naomba asihusishwe.

Nimemaliza kueleza niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimesahihisha saa ya kufika kwa Mahmoud, na yaliyobaki ni kama nilivyoyasema.

Saini: Ashatu P. Mwinyijuma

MAELEZO YA ASKARI
Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe, shahidi akiwa katika hali nzuri, bila kushurutishwa, na nimemsomea akakubali kuwa ni sahihi. Yalimalizika saa 5:35 asubuhi. Shahidi ameonywa kuhusu kupokea vifaa bila hati za umiliki, na ameahidi kufungua daftari la wateja. Shahidi ana mchubuko bega la kushoto, amekataa fomu ya matibabu.

Nyongeza ya tarehe hiyo hiyo, saa 8:20 mchana: Mlalamikaji Habiba Feisal ameandika maelezo yake na hajaondoa lalamiko. Mtuhumiwa Yunus Yahya ameachiwa kwa dhamana ya polisi, ataripoti Jumatatu. Ndugu zake wa Kiwangwa walikuwa bado wako njiani. Aliyemdhamini ni Bi. Rukaya Shomari, miaka 61, mkulima, mkazi wa Kaole, mama mzazi wa mlalamikaji. Alipoulizwa uhusiano wake na mtuhumiwa ili ujazwe kwenye fomu, alisema niache wazi.

Koplo Abdulwahab